Mwaka Koki Alipotia Nyanya Kwenye Chupa

Siku mke wake alipopata barua ya chuo, Fundi Koki alikuwa amelala chali chini ya sinki la jirani, spana mkononi na tochi kaibana kwa meno. Mkewe hakungoja atoke. Alichuchumaa hapo hapo kwenye maji yaliyomwagika, akamsomea barua yote mpaka sahihi. Alikuwa muuguzi msaidizi kwa miaka kumi na moja. Kila mwaka aliomba nafasi ya kusomea ukunga, na kila mwaka akaambiwa asubiri. Safari hii walikuwa wamemkubali. Masomo yalikuwa ya mwaka mmoja, na chuo kilikuwa mwendo wa siku nzima kwa basi.

"Nenda," alisema Koki, na tochi ikamdondokea kifuani.

"Na watoto? Na ada? Na jikoni nani ataingia?"

"Wewe nenda, mama. Ya huku niachie mimi."

Jina la Koki alipewa na wateja wake, kwa kuwa hakuna koki iliyovuja mbele yake ikaendelea kuvuja. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitatu, mfupi, mwenye mikono mipana, mchapakazi na mbishi kidogo. Bomba alilijua kama kiganja chake. Jikoni alikujua kwa mlango wa kuingilia na kiti cha kukalia.

Kabla ya kuondoka, mkewe alimwachia vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa bustani ya nyuma ya nyumba, hatua kumi na mbili kwa tisa, ambayo alikuwa ameshaipanda: matuta manne ya nyanya, vitunguu, pilipili hoho, mchicha, maharage na karoti. Cha pili kilikuwa bahasha. Kila Jumamosi Koki angetia humo pesa ya chakula cha wiki, na nyingine yote ingekwenda kwenye ada na chumba cha chuoni.

"Bahasha ikiisha, imeisha," mkewe alimwambia kituoni. "Usikope dukani. Ukianza kukopa, mimi nitarudi. Nakwambia kabisa."

Wiki ya kwanza bahasha iliisha Jumanne. Koki alikuwa amenunua nyama mara mbili, mkate wa dukani kila asubuhi, na chupa kubwa ya sosi ya nyanya, huku nyanya zenyewe zinaiva uani. Kuanzia Jumatano walikula wali na mchicha, wali na mchicha, mpaka binti yake mdogo akauliza kama ng'ombe nao huwa wanachoka. Yule mkubwa, aliyekuwa sekondari, alicheka mpaka akapaliwa. Koki hakucheka. Aliona wazi kwamba kazi aliyomwambia mkewe amwachie ilikuwa kazi kweli kweli, yenye ufundi wake, na kwamba yeye humo alikuwa mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Mwezi wa tatu nyanya ziliiva zote kwa pamoja. Asubuhi alichuma ndoo, jioni akachuma ndoo nyingine. Alizipeleka sokoni, lakini sokoni nako zilikuwa zimejaa mpaka wauzaji wanazisukuma kando kwa miguu. Aliwapa majirani, nao wakampa zao. Alisimama uani akitazama ndoo sita, na akajua kwamba baada ya miezi mitatu tu, jua litakapokausha kila bustani, atakuwa anazinunua nyanya hizi hizi moja moja, kwa bei ya kuumiza.

"Hazitupwi," aliwaambia mabinti zake. "Hata moja."

Alikuwa amesikia kwamba watu huhifadhi nyanya kwenye chupa. Vipi, hakujua, lakini hakuona ugumu wake. Kufunga kitu kisivuje si ndiyo kazi yake? Aliziosha chupa kumi na nne za mdomo mpana kwa maji baridi, akapika nyanya, akaziacha zipoe, akazijaza mpaka juu. Kisha akazungushia kila mdomo ile tepu nyeupe ya kufungia nyuzi za bomba, na kukaza vifuniko kwa spana. Akazipanga kwenye rafu ya sebuleni ili kila mgeni azione.

Mgeni wa kwanza alikuwa mama mkwe wake.

Mama huyu alikuwa mjane, fundi cherehani aliyestaafu, mtu wa maneno machache na macho makali. Alikuja siku ya tisa, akaamkiwa, akapewa chai, akaketi chini ya ile rafu.

"Hizo chupa ni za nini?" aliuliza.

"Ni akiba, mama. Nimezifunga mwenyewe. Hapo hakitoki kitu wala hakiingii."

Hakumaliza vizuri. Chupa ya katikati ilipasuka kwa kishindo, na ya pili ikaifuata kama zilizoambiana. Uji mwekundu wenye povu uliruka mpaka darini, ukateremka ukutani, na sehemu yake ikatua kwenye kitambaa cheupe alichojifunga mama mkwe kichwani. Sebule yote ikanuka pombe. Mama mkwe aliweka kikombe chini taratibu, akajipangusa shavu, akatazama kidole chake.

"Baba," alisema, "chakula si bomba."

Jioni ile ile alimpigia simu binti yake. Jumapili mchana mkewe akampigia Koki. Sauti ilikuwa ya upole, na huo upole ndio uliomtisha.

"Mama ameniambia. Sikiliza, mume wangu, umejitahidi. Muhula ukiisha nitaongea na mkuu wa chuo niahirishe. Watoto hawawezi kuishi kwa nyanya zilizolipuka."

"Muhula unaisha lini?"

"Wiki kumi na moja zijazo."

"Basi usiongee na mtu kabla ya wiki hizo kwisha. Nakuomba hilo tu. Umesubiri miaka kumi na moja, mimi nipe wiki kumi na moja."

"Haya," mkewe akasema. "Lakini mama atakuja kukagua. Akisema mambo mabaya, narudi."

Koki alizifungua zile chupa kumi na mbili zilizobaki, moja moja, uso akiugeuzia pembeni, akazimwaga zote shimoni. Hakuonja hata moja. Ilimuuma kama kung'olewa jino. Kesho yake, badala ya kukaa na aibu yake, aliibeba mpaka kwa mwanamke mmoja aliyeuza achari karibu na stendi. Watu walimwita Mama Siki. Alikuwa mnene, mcheshi, na duka lake lilinuka siki na karafuu.

Koki alimweleza kisa chote bila kuficha, hata ile tepu. Mama Siki alicheka akashika meza.

"Spana? Ulitumia spana?"

"Namba kumi na nne."

"Mungu wangu!" Alijifuta machozi. "Sikiliza fundi. Sinki langu limeziba mwezi sasa. Lizibue, nami nitakufundisha. Lakini ukija kwangu uje kusikiliza. Ubishi uuache nje pamoja na viatu."

Koki alizibua sinki, na kwa Jumamosi mbili alisimama kwenye jiko la Mama Siki akiwa amevaa aproni yenye maua. Alijifunza kwamba chupa huchemshwa kabla ya kujazwa, na nyanya hutiwa zikiwa bado zinatokota, pamoja na maji ya ndimu, kwa sababu uchachu ndio unaozilinda. Juu huachwa nafasi ya pingili ya kidole. Kifuniko lazima kiwe kipya, na hukazwa kwa vidole tu. Kisha chupa zote husimamishwa kwenye sufuria kubwa lenye kitambaa chini, zikafunikwa na maji, zikachemka dakika arobaini na tano kamili kwa saa ya ukutani.

"Na maharage mabichi?" Koki aliuliza. "Nayo nitie hivi hivi?"

"Thubutu! Hayana uchachu, yatakuua wewe na wanao bila hata kunuka. Maharage yaache yakaukie shambani. Mchicha uchovye kwenye maji ya moto, uukaushe kivulini. Pilipili hoho ndiyo ya siki."

Chupa zilipotolewa, ziliachwa zipoe mezani. Baada ya muda ikasikika *tik*. Kisha *tik* nyingine.

"Umesikia?" Mama Siki alisema. "Kifuniko kimebonyea chenyewe. Kesho ukikigusa katikati kikacheza, hiyo haikufunga, iliwe siku hiyo hiyo."

Koki aliinama, akasogeza sikio. Uso wake ukafunguka.

"Kumbe ni hewa! Ndani inapoa, inasinyaa, inakivuta kifuniko chini. Mimi nilikuwa nakaza kwa nje, kumbe kinavutwa kwa ndani!"

"Sasa umesema neno la fundi," Mama Siki akajibu.

Kuanzia hapo Koki alikaza buti. Matuta yalikuwa bado yanazaa, na sokoni nyanya bado zilikuwa za bei ya bure. Chupa tupu aliziomba kwenye hoteli alizowahi kutengeneza mabomba yake. Vifuniko vipya na siki alivinunua kwa pesa yake ya chakula cha mchana, akawa anakwenda kazini na viazi vitamu vya kuchemsha mfukoni. Kwa vipande vya bomba alitengeneza fremu ya ngazi tatu, akaivalisha chandarua, na humo akakausha mchicha na vipande vya karoti. Jumamosi nyumba yote ilikuwa mvuke mtupu. Binti mkubwa aliandika tarehe kwenye kila chupa, yule mdogo akapita asubuhi akigusa vifuniko kwa kidole na kutangaza matokeo kwa sauti ya redioni: "Kumi na saba wamefaulu! Mmoja amefeli, ataliwa leo!"

Si kila kitu kilimwendea sawa. Karoti alizozifukia kwenye mchanga zilioza, kumbe mchanga ulikuwa na maji. Mchicha wa kwanza ulipata ukungu, akautupa. Alipoupika ule wa pili, binti mkubwa alisema ni kama kutafuna daftari. Koki alikubali kwamba ni kweli, akajifunza kuulowesha tangu asubuhi na kuupika taratibu na kitunguu kingi mpaka wakaacha kulalamika. Nyama ikawa mara moja kwa wiki, mkate wakaoka wenyewe. Jumamosi moja Koki alifungua bahasha na kukuta imebaki noti. Aliishika kama mtu aliyeokota kitu cha mtu mwingine.

Kisha jua likashika. Sokoni bei ya nyanya ilipanda mara tatu, halafu mara nne. Na kana kwamba hilo halikutosha, mjenzi mmoja aliyempa Koki kazi ya ghorofa mbili alifunga kazi na kutoweka, bila kumlipa hata senti. Wiki hiyo na iliyofuata hakikuingia kitu kwenye bahasha. Muuza duka alimsogezea mfuko wa mchele, akamwambia kwa wema, "Fundi, chukua tu, utalipa." Koki alishukuru, akatazama ule mchele kwa muda, akarudi nyumbani na chumvi tu, aliyoilipia kwa sarafu za mfukoni.

Ni katikati ya wiki hiyo ya pili, mchana, mama mkwe alipobisha hodi bila taarifa.

"Shikamoo mama. Karibu."

"Marahaba, baba. Sitakaa." Safari hii alikuwa amevaa kitambaa cheusi. "Nionyeshe wanakula nini."

Koki alimwongoza mpaka kabatini, akafungua milango yote miwili. Mama mkwe alitazama rafu baada ya rafu. Palikuwa na chupa ishirini na tisa za nyanya, pilipili hoho kwenye siki, maharage kwenye debe, mchicha mkavu kwenye mifuko ya kitambaa, na vitunguu vilivyosukwa na kuning'inizwa. Alinyoosha mkono, akachukua chupa ya nyuma kabisa, ile ambayo mtu angeificha kama ina kasoro.

"Fungua hii."

Koki aliinua kifuniko kwa ncha ya kijiko. Kikatoa mkoromo mdogo wa kuvuta hewa. Mama mkwe alinusa. Akanusa tena. Nyanya zilikuwa nyekundu na zimetulia, bila hata tone la povu. Aliitoa kanga yake begani, akaiweka kwenye kiti, akatafuta sufuria mwenyewe.

Alipika nyanya zile na maharage, akapakua sahani nne wasichana waliporudi kutoka shuleni. Alikula polepole, akajipakulia sahani ya pili, akaimaliza. Kisha akatoa simu, akaiweka sikioni pale pale mezani.

"Ni mimi," alisema. "Soma wewe. Huku wanakula."

Sauti ya upande wa pili iliuliza jambo kwa kirefu.

"Nimekwambia soma! Mimi nimekula sahani mbili. Unataka nikuandikie barua?"

Koki aliinuka akaenda uani, akajifanya anakagua fremu yake isiyo na kitu. Alikaa huko mpaka macho yakakauka.

Mkewe alimaliza mwaka wake, akashika nafasi ya nne darasani. Aliporudi alikuta bahasha haijawahi kudaiwa na duka lolote, na akakuta pia mume asiyetaka kutoka jikoni. Walibishana siku tatu. Yeye alitaka matuta mawili ya nyanya yageuzwe ya bamia, Koki akataka matano ya nyanya na bamia zitafutiwe pengine. Mwishowe waligawana: bustani ya mama, kabati la baba.

Sasa mkewe ni mkunga kwenye wodi ya wazazi, na zamu zake haziulizi Jumamosi wala sikukuu. Msimu uliopita Koki alijaza chupa sitini na nane. Majirani, na hata wauzaji wa sokoni waliokuwa wakisukuma nyanya kando kwa miguu, huja kwake na ndoo zao, nao wanaambiwa wavue viatu, wanawe mikono mpaka kwenye viwiko, na wasubiri maji yachemke.