Diski ilisema ina nafasi, Bi Salma akabeba lawama

Leo neno langu moja limemfukuzisha mtu kazi. Nitukaneni tu.

Studio yetu ya video za harusi iko mtaa wa Ng'ambo, na fundi wa kompyuta ni mimi.

Tangu Jumatatu mhariri wetu, Bi Salma, ananiambia, "Kaka, diski imejaa, kazi hazihifadhiki vizuri."
Nikamwonyesha kioo cha kompyuta yake mbele ya wateja. Nusu ya diski iko wazi!
"Kilichojaa ni kichwa chako," nikamwambia. Watu wakacheka.

Leo bibi harusi kaja kuchukua video yake. Baba yake, aliyemwombea dua siku ya harusi, amezikwa juzi.
Video ikakatika dua ikianza.

Nikafungua mashine kuu, inayotunza kazi za kompyuta zote. Kumbe kila kompyuta inaonyesha nafasi iliyoahidiwa, siyo iliyopo. Diski yenyewe imejaa pomoni.

"Nani alihifadhi hii?" bosi akauliza.
"Mimi," akasema Bi Salma, "lakini kaka nilimwambia."
Bosi akanigeukia. "Alikwambia?"
"Sikumbuki."

Akafukuzwa pale pale. Akachukua mtandio na chupa yake ya chai, akatoka.

Bibi harusi akanishika mkono huku analia. "Ahsante kaka, wewe angalau umehangaika."

Nikamwitikia, "Usijali, dada."