Draiva za zamani zimetoka, kwaya inasema ni maombi

Leo kompyuta yangu imekemewa.

Kwaya ya kina mama imekuja studio kwangu hapa Kabasa kurekodi. Kadi mpya ya sauti ikagoma, kimya kabisa.

Mimi nafuta draiva, zile programu za kuendesha kadi ya zamani niliyokuwaga natumia, wao nyuma yangu wanaomba, mikono wameinyoosha kwenye kompyuta.

Nikaiwasha upya. Sauti ikaja. Vigelegele mpaka jirani akachungulia.

Nikawaeleza kitaalamu: "Mama zangu, vya zamani viling'ang'ania humo ndani, kipya kikakosa pa kuingilia. Nimevitoa."

Mama Nyangeta, kiongozi wao, akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, kwani sisi tulikuwa tunakemea nini?"

Mwenye jibu aniandikie hapo chini.

Jumapili nimepangiwa ushuhuda kanisani. Na kompyuta niende nayo.