Jina la Mwalimu Kwenye Faili la Newala

Kanuni ile niliitunga mwenyewe, na niliipenda kuliko kazi yenyewe. Kila faili katika programu yetu lina mwenyewe. Majina ya wenyewe yameandikwa kwenye orodha moja, na mtu akitaka kubadili kitu ndani ya faili, mtambo unampelekea mwenyewe barua pepe ya kuomba ruhusa. Asipojibu, hakuna kinachobadilika, hata aombe nani. Nilikuwa nikiwaeleza wenzangu jambo hilo kwa sauti ya mkaguzi wa shule.

Programu ni ndogo. Inawatumia wakulima wa korosho meseji kuwakumbusha siku ya kupulizia dawa mikorosho inapochanua. Ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi mtandaoni, anayetaka anauchukua, anayeona kosa analeta marekebisho, na sote tunajitolea tu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Masasi, na nilianza kuiandika wakati wa likizo kwa sababu sikuwa na shamba la kunisumbua. Kila eneo lina faili lake la ratiba: Masasi, Chiwata, Lulindi, Newala.

Kwenye faili la Newala niliandika jina la mzee mmoja aliyenifundisha hesabu. Hadi leo namwita Mwalimu tu. Ni mstaafu, anaishi Lulindi kwenye nyumba ya baba yake karibu na kanisa, lakini miaka yake mingi ya kazi aliifanyia Newala, na huko alikuwa na mikorosho. Ana tabia ya kuandika kila kitu. Madaftari yake yana siku mikorosho ilipoanza kuchanua, siku ukungu ulipochelewa kuondoka, siku aliyoona ubwiriunga, ule ugonjwa unaofanya maua yaonekane yamemwagiwa unga. Aliponipa madaftari manne tuyatumie, nilipiga picha kurasa zote, na siku hiyohiyo nikamwandika kuwa mwenyewe wa faili. Kwetu mkubwa akishagusa jambo, jina lake linatangulia. Hata kadi ya harusi inaalika kwa jina la babu ambaye hajui bibi harusi katoka wapi.

Mwalimu hana kompyuta, na macho yake yana mtoto wa jicho. Kwa hiyo nilimfungulia sanduku la barua pepe, na neno la siri nikakaa nalo mimi. Sikumwambia. Nilijiahidi nitamweleza siku tukikaa vizuri, na kila tulipokaa vizuri tuliongea mambo mengine.

Kazi ya faili lile ilifanywa na mtu mwingine kabisa. Ni dada mmoja, afisa ugani wa kata kule Newala, mzaliwa wa hukohuko, ambaye wazee wanamwita bibi shamba. Alikuwa anapita vijijini, anauliza, anarudi kusahihisha tarehe mojamoja. Marekebisho yake yakija, nafungua sanduku la Mwalimu, nabonyeza kukubali, nafunga. Ukisoma kumbukumbu za mtambo utadhani yule mzee halali.

Mara mbili aliniomba tuirekebishe orodha.

“Shikamoo kaka,” aliandika mara ya kwanza. “Samahani, lile faili la Newala. Naona orodha ikisema ukweli itakuwa rahisi. Mtu akiuliza jambo la huku linaenda kwa Mwalimu, mimi nasikia mwisho.”

“Marahaba dada. Tumwachie mzee heshima yake.”

“Hamna shida kaka.”

Mara ya pili nilimpa jibu lilelile, naye akaandika “sawa” bila kaka. Nilijiona mtu mwenye adabu sana. Kumwondoa mzee kwenye orodha angali hai niliona ni kumzika mtu anapumua, na hakuna aliyekuwa ameniuliza kama mzee mwenyewe anaona hivyo.

Mwaka jana, mwezi wa sita, nikashikwa na hamu ya kufanya usafi. Huku Masasi ratiba yetu ilikuwa ya dawa ya maji, na tuliweka siku ishirini na moja kati ya kupulizia mara moja na nyingine. Kata ya yule dada walitumia salfa ya unga, na faili lao lilisema siku kumi na nne. Nikaamua mafaili yote yafanane. Nikaandika ishirini na moja kila mahali. Mtambo ukamwomba Mwalimu ruhusa kwa upande wa Newala, nami nikaingia kwenye sanduku lake nikajiruhusu. Kumbukumbu hadi leo inasema Mwalimu aliangalia akaridhika.

Kesho yake tu yule dada akaleta marekebisho. Aliandika maneno machache: huku ni salfa, naomba irudi kumi na nne.

Nilikuwa ofisi ya walimu nilipoyasoma. Hapa ndipo ninapoona haya kuandika, kwa sababu ningependa kusema nilisahau, au nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Sikusahau. Niliudhika. Nilisema moyoni, huyu ananisahihisha mbele ya watu wa mtandaoni, siku moja baada ya kazi yangu, na hata asante ya usafi hakuna. Faili si lake. Angoje mwenyewe aseme. Mwenyewe, yule mzee wa Lulindi asiyejua kama ana barua pepe.

Alinikumbusha baada ya siku chache. “Kaka, naomba umwambie Mwalimu aangalie.”

“Nitamwambia,” nikajibu, nikaenda kunywa chai.

Siku ya kumi na nne tangu wapulizie mara ya kwanza ikapita na simu za watu wa kata yake ziko kimya. Yeye akapanda bodaboda, akazunguka vijiji alivyoweza kuvifikia, akiwaambia watu wapulizie wasingoje meseji. Siku ya kumi na saba alinipigia. Hakugomba. Alisema tu, “Kaka, nimekuta maua meupe.” Nikafungua sanduku la Mwalimu, nikabonyeza. Nilimaliza kabla hajakata simu.

Kijiji kimoja cha mbali hakukifikia. Huko kuna mama mmoja mjane ambaye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuikubali programu yetu, na msimu uliotangulia yule dada alikuwa amemwambia kwa kinywa chake mwenyewe: mama, acha kubahatisha, ngoja simu ikuambie. Mama akangoja, na meseji ilipomfikia ilikuwa imechelewa. Maua yake yakanyauka yakawa meusi. Waliongoja pamoja naye walikuwa wengi, na hakuna hata mmoja aliyenijua mimi. Walimjua bibi shamba. Wakaanza kumwambia hodi yake haina mwenyeji, na afisa ugani asiyeingia mashambani kazi yake imekwisha. Wakaitisha mkutano, wakasema asipokuwa na maelezo ya maana wataomba ahamishwe.

Nilikwenda Lulindi siku mbili kabla ya mkutano huo. Nilijiambia nakwenda kumwomba Mwalimu ruhusa ya kutoa jina lake.

“Shikamoo Mwalimu.”

“Marahaba mwanangu. Kaa. Sauti yako ina kitu.”

Nikamweleza orodha, mtambo, barua zilizomwomba ruhusa. Alisikiliza ameinamisha kichwa kama alivyokuwa akisikiliza majibu yetu darasani.

“Kwa hiyo walikuwa wananibishia hodi mimi.”

“Ndiyo, Mwalimu.”

“Na mimi sina habari.”

“Ndiyo.”

“Ulifanya hivyo kwa nini?”

“Heshima, Mwalimu.”

“Umenisimamisha mlangoni nimelala, watu wakashindwa kupita. Heshima gani hiyo? Andika jina la anayefanya kazi. Andika sasa hivi.”

Nikatoa kompyuta, nikafuta jina lake, nikaandika la yule dada, hapohapo sebuleni. Halafu Mwalimu akauliza mkutano ni lini. Nilipomwambia, akasema atapanda Newala mwenyewe akawaeleze, kwa kuwa nusu ya wazee wa kijiji kile aliwafundisha. Nilimkatalia kwa ajili ya afya yake. Akanitazama kwa yale macho yasiyoona vizuri, nami nikakubali kumpeleka. Sikumwambia nani aliandika ishirini na moja. Sikumwambia kwamba kuna mtu alifungua mlango wake akapita mwenyewe, kisha akaufunga. Aliondoka Lulindi akiamini barua zilikaa tu bila mtu wa kuzisoma.

Mkutano ulifanyika kwenye baraza la ofisi ya kijiji, asubuhi ya baridi, watu wamejifunga khanga na makoti. Waliongea Chimakonde kwanza, kwa kasi na kwa hasira, kisha mwenyekiti akageukia Kiswahili kwa ajili yetu wageni. Akamuuliza yule dada swali moja: hiyo ratiba iliyokosewa, mwenye nayo ni nani?

Yule dada alikuwa amekaa na karatasi mapajani. Alikuwa amesoma kumbukumbu zote za mtambo, hilo nalijua, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kuzisoma kwa mpangilio. Aliiona ruhusa ya Mwalimu ikitoka mimi nikiwa naye kwenye simu, akajua mzee hajawahi kubonyeza kitu maishani mwake. Akamtazama mzee, akanitazama mimi, akangoja. Aliningoja muda wa kutosha.

“Ni yangu,” akasema. “Jina lililopo pale ni langu.”

Minong'ono ikaanza. Mwalimu akanyoosha mkono ashikwe, na aliyekuwa karibu ni mimi, nikamsaidia kusimama.

“Si yake,” akasema. “Ameandikwa juzi. Wakati mnaharibikiwa jina lilikuwa langu, na huyu binti alileta masahihisho mapema, nikawa sikuyaona. Kosa ni la kwangu. Nisameheni, na yeye mwacheni afanye kazi.”

Mzee mmoja alivua kofia. Mwenyekiti akasema mambo ya uzee yanajulikana, na kwamba bibi shamba aendelee, na watu wakaitikia, wengine kwa shingo upande. Yule dada aliinamia karatasi zake akawa anazipanga, na zilikuwa zimeshapangwa.

Hapo ndipo yule mama mjane aliponigeukia. Hakuwa na hasira tena, alitaka tu kujua. “Na wewe baba, uliyekaa na kompyuta, wewe nani kwenye hili?”

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa fupi. Nililifanyia mazoezi njia nzima kutoka Masasi, na nikifumba macho hata sasa naliona lote. Yule dada aliacha kupanga karatasi.

“Mimi nimemleta Mwalimu tu, mama.”

“Mungu akubariki,” akasema yule mama, “kwa kumjali mzee wetu.”

Nikaitikia amina.