Bibo Mkobani

Jirani yangu wa Magomeni hachagui kitambaa cha makochi kwa macho. Hukitandika juu ya kigoda cha dukani, akakikalia, akasugua makalio kama anayekuna nazi. Kisipofumuka nyuzi, hutoa mkobani bibo lililoiva, kwa kuwa wajukuu wake hula mabibo kochini na doa lake halitoki kirahisi.

“Bibi, usinikamulie hapa!” alipiga kelele muuzaji juzi.

Akakamua. Akafuta kwa maji ya sabuni, doa likatoweka. Kwa furaha akamshika muuzaji mabega, majimaji ya bibo yakimchuruzika vidoleni. Kanzu nyeupe ikapata madoa mawili. Jirani akaipapasa, akaisugua, kisha akatikisa kichwa kwa huruma.

“Mwanangu, hiki ulichovaa si imara. Ulikinunua bila kukikalia?”