Koti Kwenye Kiti

Mwalimu wa kujitolea, kama humjui, ni mtu mwenye cheti chake halali cha ualimu, ambaye ameomba ajira serikalini kila dirisha lilipofunguliwa na kila mara akaambiwa asubiri. Basi anasubiri akiwa na chaki mkononi. Wazazi wakichanga, anakula. Wasipochanga, anafundisha hivyo hivyo, maana akiondoka kuna wenzake chungu nzima wanaoitaka nafasi yake. Justa Komba alikuwa amesubiri hivyo kwa miaka katika shule moja ya msingi kule Msamala, hapa hapa Songea mjini, huku analea mtoto peke yake.

Mwenzake wa kujitolea alikuwa Muhsini, mtu wa Namasakata, Tunduru, aliyeshika darasa la kwanza. Huyu bwana alijaliwa. Darasa limefurika watoto hadi wengine wanakaa sakafuni, naye anawatuliza kwa wimbo tu, fimbo hana. Justa, wa darasa la pili, alimwonea gere kidogo, lakini waliishi kama ndugu, wakigawana muhogo wa chai ya saa nne.

Mwezi wa kumi na moja mama yake Muhsini akavunjika mguu, na korosho ndiyo kwanza zinadondoka shambani. Ikamlazimu aende. Kuomba ruhusa hakuthubutu, kwa sababu wa kujitolea akiomba ruhusa anaambiwa akapumzike moja kwa moja. Akafanya kama walivyofanya siku zote wa kujitolea wa shule ile: akaacha koti lake. Koti likionekana kwenye kiti, mwenyewe yupo, katoka kidogo tu.

Kazi ya kulitembeza ikawa ya Justa. Asubuhi analitundika ofisini, baadaye analipeleka darasa la kwanza, mchana analirudisha. Koti lile la kahawia lilihudhuria kazini kuwashinda walimu wenye mshahara! Katikati anakimbia kati ya madarasa mawili, huku wanasoma herufi, kule wanafanya hesabu. Mkuu wa shule, Mwalimu Romwaldi, akiuliza, anaambiwa Muhsini yuko uwanjani na watoto, au kampeleka mgonjwa zahanati. Justa alidanganya bila kupepesa macho, na tusifichane, alijiona mtu mwema kweli kweli.

Hadi siku mkuu alipomwita pembeni, nyuma ya stoo. Alimweleza kwamba kamati ya wazazi imechoka. Kuanzia Januari wataweza kumbeba mwalimu mmoja tu wa kujitolea, na wamemwachia yeye achague. Akasema bila kuzunguka kwamba moyo wake uko kwa Muhsini, watoto wanamwelewa. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza saa, kwamba mbona leo tena hajamwona.

Jibu lilikuwepo, lile lile la kila siku. Justa akalitafuta mdomoni. Akamwona mwanawe, akaiona Januari, akajiona anarudi Lusewa kwa wazazi kulima tumbaku na cheti chake kikiwa sandukuni.

"Yuko Tunduru, mkuu," akasema. "Anaokota korosho. Darasa nimelishika mimi."

Hakukuwa na neno la uongo hapo. Ila mguu wa mama hakuutaja. Wala hakusema kwamba Muhsini angerudi Jumatatu. Mkuu akatikisa kichwa taratibu, akamshukuru kwa kusema ukweli. Shukrani ile ilimchoma Justa kuliko tusi. Akaenda darasa la kwanza, akalikunja koti, akalitia kwenye mfuko wa plastiki, kisha akaendelea na silabi.

Jumatatu jioni Muhsini akabisha hodi kwake, bado ana vumbi la safari, mkononi kashika mfuko wa korosho za kukaanga. Justa alitamani ardhi ipasuke. Alishajiandaa kutukanwa, na pengine angepata nafuu. Lakini Muhsini alimpa ule mfuko, akakaa kwenye stuli.

Akaeleza kwamba mkuu amemwondoa. Kuna mtu alimchoma, huenda ni mzazi aliyemwona stendi. Hilo ameshamwachia Mungu. Kilichomkosesha raha njia nzima kutoka shuleni ni kitu kingine.

"Nilihofia watakufukuza na wewe kwa kunificha," akasema. "Nimemwapia mkuu kwamba wewe hukujua kitu, nilikudanganya naumwa. Wallahi, dada, nimeapa uongo ili upone."

Justa akauliza mkuu alijibu nini.

"Hakujibu. Aliniangalia tu, kama ananihurumia."

Justa akajua mkuu alikuwa anahurumia nini. Alikaa na mfuko wa korosho mapajani. Neno lilimpanda mpaka kooni. Akamfikiria mwanawe, akalimeza.

"Nimekuponza, dada Justa," Muhsini akasema. "Nilikutwisha uongo wangu, ukakaribia kukosa kazi. Nimekuja uniambie kama umenisamehe."

Alikuwa anangoja kweli, macho yamemlenga. Mtoto alikuwa anaita kutoka uani.

"Nimekusamehe," Justa akasema.

Muhsini akashusha pumzi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru.