Ua la Makaburini Mlangoni Kwetu

Hadi leo, nikisikia harufu ya mmea mbichi uliong'olewa, ile harufu ya majani na udongo, mori hunipanda. Ndiyo, kwa sababu ya ua.

Nilikuwa darasa la nne, naishi Kakese kwa Ma'mkubwa, dada yake mama, aliyenichukua mama alipofariki. Siku tulipokwenda kupalilia kaburi la mama, nilichomoa mche mmoja wa yale maua ya pinki ambayo kwetu watu huyapanda makaburini kwa kuwa hayataki maji mengi. Nikauficha ndani ya kitenge, nikaupanda kando ya mlango wa jikoni.

Kiangazi kile kilikuwa kikali. Mchicha ulikufa, mipapai ikadondosha majani, kuku wakawa wanatembea midomo wazi. Ua langu, kwa maji ya kusuuzia vyombo tu, likachanua! Kila asubuhi kabla ya shule nilichuchumaa pale nikaliamkia, "Shikamoo, mama." Msinicheke. Sikuwa na picha yake hata moja.

Majirani wakaanza. "Nyie, mnafuga kaburi mlangoni? Mnaita msiba?" Midomo hiyo! Watu ambao kwenye matanga yetu walikula, wakanawa, wakaondoka.

Jioni moja nikarudi nikakuta shimo. Uwanja umefagiwa, hata jani halipo. Nililia mpaka sauti ikakauka. Ma'mkubwa hakugeuka, aliendelea kusonga ugali.

"Maua ya wafu hayakai na walio hai," alisema.

Nikamwambia wewe si mama yangu. Ugali wake sikuugusa, na kwa miaka nikamhesabu mtu wa ushirikina tu, mwenye roho ngumu.

Juzi nimemtembelea. Tukiwa tunamenya karanga nikamuuliza, kwa ukali uleule, kwa nini aliwasikiliza majirani.

"Majirani walinihusu nini?" akasema. "Mdogo wangu nilishamzika. Wewe ukawa unanizikisha tena kila asubuhi. Shikamoo mama, shikamoo mama, na mimi niko hapo ndani nawasha moto, nasikia."

Jamani! Sikuwahi kuwaza kwamba naye alifiwa. Lakini hasira haijaniisha, imehama tu. Tulikuwa wawili, ukuta mmoja wa matofali katikati, kila mmoja analia kivyake. Na kijiji kizima, pamoja na midomo yote ile, hakutokea mtu hata mmoja wa kutuambia, "Kaeni mlie pamoja."