Lakiri ya Mguu wa Nne

Nilimwahidi mjomba wangu kwamba mguu wa nne wa kitanda cha bintiye hautaguswa na rangi ya kupuliza. Alinishika mkono kwa vidole vilivyobaki mifupa, asiniachilie mpaka niliposema wallahi.

Mjomba alikuwa mkereza mbao katika Mji wa Kale. Ujanani mwake miguu ya vitanda aliipaka lakiri, yaani ute mgumu wa wadudu wadogo wanaonyonya matawi ya miti huko Bara Hindi, uliotiwa rangi nyekundu na kufinyangwa vijiti. Mguu ulipozunguka kwenye kerezo, mtambo wake wa kuzungushia mbao, alikandamiza kijiti juu yake. Mbao ikapata moto, lakiri ikayeyuka, naye akaisugua kwa jani kavu la mkadi hata ikang'aa. Baadaye wenye maduka wakataka kazi ya haraka. Akahamia karakana moja ya Mwembe Tayari, akapuliza rangi miaka mingi katika chumba kisicho na dirisha, pande la kanzu kuukuu likiwa ndilo barakoa yake. Daktari alipotuonyesha picha ya mapafu, hakuna kati yetu aliyeuliza sababu.

Bintiye alipoposwa, mjomba alirudi kwenye kerezo lake la zamani. Kwetu kitanda cha bibi harusi hutoka kwa babake. Akafungua sanduku la vijiti alivyokuwa amevihifadhi, vya kutosha miguu yote minne.

"Mwanangu halali juu ya sumu iliyoniua mimi," akasema.

Mimi nilisomea kemia chuoni. Nikamweleza kwamba mdudu yule hujifunika kwa lakiri yake mwenyewe, akafia humo ndani, kisha wanawe wakatoka.

Akacheka mpaka kikohozi kikamkata. "Basi kanishinda, msomi. Yeye afia nyumbani kwake. Mimi nafia karakana ya mtu."

Alikuwa amemaliza miguu mitatu Idd ya kuchinja ilipokaribia. Majirani wakaanza kuja na visu vilivyolegea mipini, kama ilivyo desturi: lakiri iliyoyeyushwa humiminwa katika tundu la mpini, bamba likashindiliwa humo, nayo ikipoa hushika.

Nilimsihi. "Mjomba, waambie lakiri imekwisha."

"Niseme uwongo siku hizi kumi tukufu za kabla ya Idd? Kisu kikimponyoka mtu juu ya mbuzi, nitamjibu nini Mola?"

"Changu usikisahau, fundi!" jirani mmoja akadakia mlangoni. "Mwaka jana nilibaki na mpini, bamba likabaki shingoni mwa mbuzi."

"Kwani wewe ulikuwa wachinja ama wamkuna?"

Wakacheka wote. Takbiri ziliposikika, sanduku lilikuwa tupu. Ndipo aliponishika mkono. Mwezi haukuisha, tukamzika.

Harusi ilifungwa bila ngoma. Kitanda kikapelekwa Ganjoni kwa bwana harusi, kikiwa na miguu mitatu myekundu na mmoja mtupu. Shemeji mmoja alikuja na mkebe wa rangi, kwa nia njema kabisa. "Napuliza mara moja tu, hata hamtaujua ni upi."

"Mimi nitaujua," binamu yangu, bibi harusi mwenyewe, akasema. "Uwacheni."

Nilitafuta lakiri madukani. Niliuziwa vijiti vyekundu ambavyo kwenye kerezo la mjomba vilitoa moshi na kunuka plastiki, kisha vikabanduka. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa, mpini wa kisu cha jikoni cha mkaza mjomba ulipopasuka. Ndani yake mlikuwa na donge gumu, jeusi kwa nje, jekundu lilipovunjwa. Binamu yangu akanipa ule mguu, kitanda kikaegemezwa juu ya matofali. Nikalipasha moto donge lile, nikalikandamiza juu ya mbao inayozunguka. Likashika. Lilitosha mviringo mmoja mwembamba tu; mguu ungali kwangu, na matofali yangali chini ya kitanda hadi leo.

Kwa hivyo nawaomba: ikiwa kisu chenu kilitiwa mpini na mkereza wa Mji wa Kale, na mpini huo umepasuka, msiutupe. Nileteeni.